Shangazi, orodha yangu ya vitabu mwaka huu inanitia aibu

BARUA

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, wa kwanza, ambaye yuko karibu kutimiza mwaka. Jambo linalonisumbua nimeogopa kulisema nyumbani kwa sababu naona watu watalichukulia kuwa dogo. Ni vitabu.

Tangu nikiwa shule nimekuwa msomaji, yule mtu wa kupitilizwa na basi kwa sababu sura haijaisha. Nina kundi la marafiki, wanawake watupu, tuliokutanishwa na vitabu miaka mingi iliyopita. Kila mwaka ukikaribia kwisha, kila mmoja wetu huandika orodha ya vitabu vilivyomgusa kuliko vingine, na kwa kila kitabu aya moja ya kueleza kwa nini. Hatushindani, au niseme hatujawahi kutamka kwamba tunashindana. Lakini orodha yangu ndiyo iliyokuwa ikitangulia, tena ndefu kuliko zote, na wenzangu wengine walikuwa wakichagua vitabu vya kusoma kwa kuifuata. Mwaka huu wameshaanza kuniuliza. "Mama mtoto, tunakusubiri wewe." Kila nikiuona ujumbe huo nazima simu.

Shangazi, sikusoma kitu mwaka huu. Ngoja nikueleze ninachomaanisha ili usidhani nazidisha.

Kitabu nilichokimaliza na kukipenda ni Barua Ndefu kama Hii cha Mariama Bâ. Nilikisoma usiku, mtoto akinyonya, simu mkono mmoja, mwanga nimeupunguza mpaka maandishi yanaonekana kwa shida, nafunua kurasa kwa kidole gumba. Kilinichukua majuma. Nilikuwa nasahau nani ni mume wa nani, narudi nyuma, nasonga tena. Kwa nilivyokuwa zamani, kile ni kitabu cha mchana mmoja.

Nilianza Peponi ya Abdulrazak Gurnah kwa hamu kubwa, maana kundi zima lilikisifu. Nilifika pale Yusuf anapopandishwa treni na kuondoka kwao, nikashindwa. Nilikifunga na sijakigusa tena. Mimi niliyekuwa nasoma habari za vita na njaa bila kupepesa jicho, sasa mtoto wa kwenye karatasi ananiliza. Nimekuwa mwoga.

Baada ya hapo nilirudia riwaya zangu za zamani ambazo mwisho wake naujua, kwa sababu hata nikikatizwa sipotei. Nilijaribu vitabu vya kusikiliza wakati nakunja nguo za mtoto. Nikipitiwa na usingizi, naamka mhusika ameshaoa na sijui alimpata wapi mke. Dada mmoja alinizawadia kitabu cha malezi. Kila ukurasa ulinionyesha nilichokosea, nikakificha kabatini. Na kipo kitabu cha mtoto, cha kurasa ngumu, chenye picha za wanyama. Hicho nimekisoma mpaka nakijua kwa moyo, na mwanangu sasa ananitangulia kufunua ukurasa wa simba na kunitazama akisubiri ningurume. Lakini nitaandikaje hicho kwenye orodha ya watu wazima?

Nyumbani nako kuna maneno. Mume wangu ni mtu mwema na ananisaidia, lakini usiku mmoja aliamka, akanikuta nimeinamia simu, akasema, "Mtoto anakutazama wewe, na wewe unaitazama simu." Hakusema kwa ukali, na labda ndiyo maana yalinichoma. Mama mkwe naye husema mtoto anaponyonya apewe macho. Tangu siku hiyo kila nikisoma mtoto akiwa mikononi najiona mwizi.

Nimefikiria kuandika orodha ya vitabu ambavyo nimesoma tu maelezo yake na kusikia wenzangu wakivijadili. Ningeweza, maana najua kuandika aya hizo, na hakuna ambaye angegundua. Nimefikiria pia kujitoa kwenye kundi kimyakimya, niseme malezi yamenizidi. Kuna wakati naona hilo ndilo bora, kwa sababu hata siku ambazo mtoto amelala mapema na nyumba imetulia, nakishika kitabu, nakitazama, nakirudisha mezani. Sisikii hamu. Nakaa tu.

Niandike ukweli, nidanganye kidogo, au niondoke? Na je, Shangazi, mtu anaweza kuacha kuwa msomaji kama anavyoacha kuwa mwembamba?

Wako,
Msomaji Aliyepungua

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Hongera ya mtoto, na pole kwa uchovu. Jambo lako si dogo hata kidogo. Mtu anayehuzunika kwa kupoteza kitu alichokipenda tangu utotoni ana haki ya kusikilizwa, kiwe kitabu, kiwe wimbo.

Unaniuliza kuhusu orodha, lakini barua yako imebeba mambo matatu. Kuna aibu mbele ya marafiki. Kuna maneno ya mumeo kuhusu simu. Na kuna zile jioni ambazo nyumba imetulia na kitabu hakina ladha. Umeyakunja yote pamoja na kuyaita "nimepungua", hata jina la kutia sahihi ukalitoa humo. Mimi nayaona ni mambo yenye asili tofauti, na naomba uniruhusu niyatenganishe.

Nianze na vitabu vyenyewe, kwa kuwa ndivyo unavyovipenda. Umeandika, "Sikusoma kitu mwaka huu." Halafu ukanitajia riwaya uliyoimaliza, nyingine uliyoiacha ukijua hasa kwa nini, zile za zamani ulizozirudia, hadithi ulizozisikia nusunusu, na kitabu ambacho mtoto wako amejifunza kukifunua. Hebu niulize: huyo aliyesema kwamba hivyo havihesabiki ni nani? Ni wenzako, au ni wewe wa mwaka juzi? Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo rafiki hata mmoja amekuambia kwamba orodha fupi ni aibu. Wamesema tu wanakusubiri wewe. Huenda wanasubiri vitabu vingi. Huenda pia wamekukosa.

Barua Ndefu kama Hii ni kitabu kifupi, ni kweli. Kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1979, na mwaka 1980 kikampatia Mariama Bâ Tuzo ya Noma, tuzo ya vitabu vya Afrika, ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa. Mwandishi alikuwa mwalimu na mama wa watoto tisa, naye alikuwa na miaka kama hamsini riwaya hiyo, yake ya kwanza, ilipochapishwa. Msimulizi wake, Ramatoulaye, ni mjane aliyekaa eda, mwenye watoto kumi na wawili, anayemwandikia rafiki yake Aïssatou. Umbo lile la barua, lenye sura fupi fupi, linamvumilia msomaji anayekatizwa, kwa sababu hata anayesimulia ni mwanamke mwenye nyumba iliyojaa watu wanaomhitaji. Sidhani kama ulikisoma vibaya kwa kukisoma polepole. Nitakuuliza jambo moja kuhusu kitabu hicho. Unakumbuka pale Ramatoulaye anapoeleza jinsi Aïssatou alivyosimama tena baada ya kumwacha mume aliyeoa mke wa pili? Anasema vitabu ndivyo vilivyomwokoa rafiki yake, akavishika, akasoma mpaka akapata kazi ya ukalimani. Wewe ulipofika hapo, usiku, mtoto kifuani, ulihisi nini? Sijui jibu lako, lakini kama ungeniandikia aya moja juu ya hilo, ningependa kuisoma kuliko aya kuhusu vitabu ulivyovisikia kwa wengine.

Kuhusu kusahau nani ni mume wa nani, usijilaumu. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwa ndani yake, na mwili uliokatwa usingizi kwa miezi hushindwa kwanza kwenye kumbukumbu na umakini. Ni hali ya uchovu, na uchovu una mwisho. Akili iliyokuwa ikimaliza riwaya mchana mmoja haijatoka kichwani mwako.

Sasa Peponi. Hapa ndipo sikubaliani na wewe zaidi, na niseme wazi kwamba sehemu hii ya barua yako ndiyo niliyoirudia mara nyingi. Unajiita mwoga kwa sababu ulishindwa pale Yusuf anapoondoka. Tazama kilichopo kwenye ukurasa ule. Mtoto wa miaka kumi na miwili anapanda treni na tajiri Aziz akidhani ni matembezi tu, kumbe baba yake amemtoa rehani kwa ajili ya deni. Yeye hajui. Msomaji anaanza kujua kabla yake. Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis ndiye aliyetuletea kwa Kiswahili. Wengi huanza kukisoma wakiwa upande wa Yusuf, wakiona treni na dunia mpya. Wewe, nadhani, ulikisoma ukiwa upande wa mama anayebaki. Mwaka juzi ungelipita lile tukio ukikimbilia safari ya bara. Mwaka huu limekusimamisha kwa sababu umeuona ukubwa wake. Mimi siuiti huo woga. Kuna wasomaji wanaokimaliza kitabu chote bila kuona kinachotendeka mlangoni.

Hata hivyo sisemi ujilazimishe kukirudia. Kitabu hakiozi. Unaweza kukiacha mpaka mtoto atembee, mpaka aanze shule, au usikirudie kabisa. Kitu kimoja tu cha kuangalia: mtu akikwepa kila hadithi inayouma, mwisho anabaki na vitabu ambavyo havimfikii, na hilo nalo linaweza kumfanya adhani ameacha kupenda kusoma. Njia ya kati ipo, ya kumwomba rafiki aliyekimaliza akueleze kidogo kinachomfika Yusuf mbele, ukaingia ukijua. Wewe mwenyewe umeshagundua kwamba kujua mwisho kunakupa nguvu, ndiyo maana umekuwa ukirudia riwaya za zamani. Na kama kuna mtu atakayekuletea The Joys of Motherhood (yaani Raha za Umama) cha Buchi Emecheta, mwandishi wa Nigeria, kwa kuvutiwa na jina la kitabu, jua kwamba kinafunguka na mama aliyefiwa na kichanga chake. Ni riwaya kubwa. Ila usiifungue usiku ukiwa peke yako kabla ya kujua hilo.

Maadamu nimemtaja Emecheta, acha niseme neno zaidi. Mwanamke huyo aliwalea watoto watano peke yake jijini London baada ya kumwacha mume aliyeuchoma moto muswada wake wa kwanza. Mwaka 1974 alipotoa Second-Class Citizen, alikitabarukia kitabu kwa watoto wake hao akisema kwamba bila kelele zao tamu nyuma yake kisingeandikwa. Nimeipenda tabaruku ile miaka mingi. Haisemi kwamba kelele hazikumsumbua. Inasema zimo ndani ya kitabu.

Kitabu cha malezi nitakipita haraka. Umefanya vyema kukificha kabatini. Daktari wa watoto Donald Winnicott, Mwingereza, alikuwa akiwaambia kina mama tangu katikati ya karne iliyopita kwamba mtoto hahitaji mama asiye na kasoro, anahitaji mama anayetosha. Kitabu kinachomwacha mama akiwa na hofu kila ukurasa hakimsaidii yeye wala mtoto.

Tuje kwa mumeo na simu. Aliyosema yalikuchoma kwa sababu yana chembe ya kweli, na wewe umeipokea chembe hiyo ukaifanya hukumu nzima. Ni kweli kwamba mtoto mchanga huona vizuri kilicho karibu, umbali kama wa kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama, na kwamba macho yale yanayokutana yana maana kwake. Mama mkwe hakukosea. Lakini hakuna aliyekuambia kwamba kila dakika ya kila nyonyo lazima iwe ya kutazamana. Kwa mama anayenyonyesha, saa hizo ni nyingi, na nyingine ni za usiku wa manane ambapo mtoto mwenyewe amefumba macho.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hujalifikiria. Mwaka 1986 watafiti wawili, Anthony DeCasper na Melanie Spence, waliwaomba wajawazito wasome kwa sauti hadithi ileile kila siku katika wiki za mwisho kabla ya kujifungua. Watoto walipozaliwa walionyesha kwamba wanaipendelea hadithi hiyo kuliko nyingine ambayo hawakuwahi kuisikia. Na mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu wakiwa wachanga. Mtoto haelewi eda ni nini wala deni ni nini. Anaijua sauti yako. Kwa hiyo baadhi ya kusoma kwako kunaweza kuwa kwa sauti, naye akiwa mikononi, macho yako yakishuka kwake kila mwisho wa aya. Ushairi unafaa zaidi kwa kazi hii. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, una beti mia na kidogo tu, kila mshororo mizani nane, na unaweza kusoma beti chache ukasimama popote. Si lazima ukubaliane na kila anachousia kuhusu mke na mume, na wanawake wengi wa leo wanabishana naye. Lakini ulimi wake ni mtamu na mdundo wake unamtuliza mtoto.

Hilo ni upande wako. Upande wa mumeo sijausikia, na wewe pia, nadhani, hujauliza. Mtu akiwa kitandani akaona mwanga wa simu usoni mwa mkewe, hajui kama kuna Ramatoulaye pale au kuna picha za watu wasiojulikana. Simu haina jalada. Je, anajua kwamba ulikuwa unasoma? Je, anajua kwamba saa ile ya kunyonyesha ndiyo pekee katika siku nzima ambayo hakuna anayekuita? Nakushauri ufikirie hili la pili kabla ya lile la macho ya mtoto. Inawezekana tatizo la nyumba yenu ni saa, kwamba kusoma kwako kumesukumwa mpaka kwenye kona ya usiku kwa sababu mchana hakuna aliyekupa hata nusu saa, na wewe hukuiomba. Ukiiomba, kuna hatari mbili. Anaweza kuona unamlaumu, hasa kama naye amechoka. Na anaweza kukubali, halafu ukajikuta unaitumia nusu saa hiyo kufua. Yote mawili huwapata watu. Ukiona vyema, anza kwa kumsomea ukurasa mmoja ulioupenda, bila kuomba chochote. Huenda alichokuwa akikosa usiku ule ni wewe, na akatumia jina la mtoto kulisema.

Nimefika kwenye sentensi uliyoipitisha haraka, na mimi siwezi kuipita haraka. "Sisikii hamu. Nakaa tu."

Inaweza kuwa uchovu mtupu. Mtu aliyechoka sana huketi na kutazama ukuta, na hakuna ugonjwa hapo. Lakini mama anayepoteza raha katika vitu alivyovipenda, hata anapopata nafasi, anaweza kuwa na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, inayokuja baada ya kujifungua. Wengi hudhani hiyo ni ya siku za mwanzo tu. Ile huzuni ya siku za mwanzo, ya kulia bila sababu, kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Sonona ni kitu kingine, na inaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Tangu mwaka 1987 wahudumu wa afya wamekuwa na dodoso fupi la maswali 10 la kuitambua, na baadhi ya maswali hayo yanauliza kama bado unaweza kucheka na kama bado unatazamia mambo kwa furaha. Sina uwezo wa kukupima kwa barua, na sitaki kukutisha. Ninachokuomba ni kwamba utakapompeleka mtoto kliniki umwambie muuguzi sentensi ileile uliyoniandikia, kwa maneno yaleyale, na usiifiche nyuma ya habari za vitabu. Kama ukiona huzuni inazidi, usingizi haukuji hata mtoto akilala, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yanapita kichwani, usisubiri siku ya kliniki. Mwambie mumeo usiku huohuo na mtafute msaada. Sonona inatibika, na wanaotibiwa hurudi kwenye mambo yao.

Uone basi kwa nini nilitaka kuyatenganisha. Kama zile jioni ni uchovu, zitapungua kadiri mtoto anavyolala. Kama ni sonona, orodha ndefu isingekuponya, wala kujitoa kwenye kundi kusingekupumzisha. Kungekuondolea watu wanaokufahamu katika mwaka ambao unawahitaji.

Haya, orodha yenyewe. Ya kubuni unaweza kuiandika, sina shaka, na inawezekana hakuna atakayeijua. Gharama yake naiona mahali pawili. Wenzako watakuuliza juu ya vitabu hivyo kwa miezi, nawe utalazimika kuendelea kuigiza katika sehemu pekee ambayo hukuwahi kuigiza. Na baada ya miaka, mtoto akiwa mkubwa, ukiitafuta orodha ya mwaka aliozaliwa utakuta vitabu ambavyo hukuvisoma. Yale majuma ya Barua Ndefu kama Hii hayatakuwa yameandikwa popote.

Kunyamaza mwaka huu ni njia ya heshima pia. Ujumbe mmoja unatosha, kwamba mwaka huu natoa nafasi, mwakani tukijaliwa. Unapata pumziko. Hatari yake ni kwamba kimya cha mwaka mmoja hurahisisha cha pili, na kurudi kunakuwa kugumu kila unapochelewa.

Ukiandika ya kweli, jiandae. Mmoja anaweza kukuonea huruma usiyoitaka, mwingine akakutania kuhusu kitabu cha simba. Lakini ukweli una namna nyingi za kuandikwa. Si lazima uifuate sura ya orodha zako za zamani. Unaweza kuandika kitabu kimoja tu na kukieleza kwa kirefu. Unaweza kuandika ulichokiacha na mahali ulipokiachia, maana msomaji anayeeleza kwa nini amefunga kitabu anawafundisha wenzake mengi kuhusu kitabu hicho. Na kile cha kurasa ngumu, kama umekisoma kuliko vyote na kimemfundisha mtu mmoja kungojea ukurasa unaofuata, sioni kwa nini kikose nafasi. Hilo nakuachia wewe, kwa sababu kundi unalijua wewe.

Umeniambia nyote ni wanawake, ila hukuniambia kama kuna mwingine mwenye watoto. Kama yupo, hasa aliyewakuza tayari, ningependa umpigie simu kabla hujaandika lolote, umuulize alisoma nini mwaka ule wa kwanza wa mtoto wake. Pengine atakwambia hakusoma. Pengine atakutajia kitabu ambacho hujawahi kukiona kwenye orodha yake.

Uliuliza kama mtu anaweza kuacha kuwa msomaji. Wapo walioacha, sitakuficha. Wewe hujaniandikia kama mmoja wao. Aliyeacha hahangaiki kutafuta mhusika amempata wapi mke.

Niandikie tena ukishazungumza na muuguzi. Na ukipenda, niambie mumeo alisema nini ulipomsomea.

Wako,
Shangazi